Lahaja Inapoingia Katika Kipimo cha Usikivu

Mzazi anayempeleka mtoto kupimwa masikio mara nyingine hurudi nyumbani na majibu mawili yanayoonekana kugombana. Anaambiwa kwamba masikio ya mtoto ni mazima, kisha anaambiwa kwamba mtoto huyo huyo ana tatizo la kusikiliza. Jirani husema mtoto ni mkaidi, mwalimu husema hana bidii, na bibi yake husema hana tatizo lolote, ila anazungumza kama watu wa upande wa mama yake. Katikati ya kauli hizo kuna swali ambalo halijaulizwa vya kutosha katika nchi zetu: je, maneno yaliyotumika kumpima mtoto huyo yalitamkwa kwa lugha ya nani, na matamshi yake yalilinganishwa na ya watoto wa wapi?

Tuanze na istilahi, kwa sababu mkanganyiko mwingi unatokana nazo. Kusikia ni kazi ya sikio. Mawimbi ya sauti hugonga ngoma ya sikio, mifupa midogo mitatu huyapitisha hadi sikio la ndani, na mshipa wa fahamu huyapeleka kwenye ubongo. Kazi hii hupimwa kwa mashine iitwayo audiometa, ambayo hutoa milio myepesi, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na anayepimwa hubonyeza kitufe au huinua mkono kila anaposikia mlio. Mlio hauna lahaja. Mtoto wa Lamu na mtoto wa Shinyanga wanausikia sawa, mradi masikio yao yawe mazima.

Uchakataji wa sauti ni kile kinachofanywa na ubongo baada ya hapo: kutenganisha sauti ya mwalimu na kelele za darasa, kutambua kama sauti imetoka kushoto au kulia, kupokea maneno mawili yanayoingia katika masikio mawili kwa wakati mmoja bila kuyachanganya, na kutofautisha sauti zinazokaribiana. Mtoto anaweza kusikia milio yote ya audiometa na bado akashindwa katika kazi hizi. Hali hiyo ndiyo huitwa tatizo la uchakataji wa sauti, na ndiyo inayomfanya mzazi aambiwe kwamba masikio ni mazima lakini usikilizaji si mzuri.

Kuna istilahi nyingine mbili. Lahaja ni namna ya lugha inayotumiwa na watu wa eneo au jamii fulani, yenye msamiati, sarufi na matamshi yake. Kimvita, Kiamu, Kiunguja na Kimtang'ata ni lahaja. Lafudhi ni upande wa matamshi peke yake, yaani sauti inayomtambulisha msemaji hata anapotumia maneno yale yale ya Kiswahili sanifu. Kipimo cha usikivu kinaweza kuathiriwa na vyote viwili.

Sasa tazama jinsi uchakataji unavyopimwa. Kwa kuwa milio mitupu haimchoshi ubongo sana, wataalamu wamezoea kutumia maneno na kuyaharibu kwa makusudi. Katika jaribio moja, neno hurekodiwa, kisha sauti zake za masafa ya juu, yaani zile nyembamba, huchujwa, na mtoto hutakiwa kulirudia. Katika jingine, neno huwekwa ndani ya kelele za watu wengi wanaozungumza. Katika la tatu, sikio la kulia hupewa neno moja na la kushoto hupewa jingine kwa sekunde ile ile, na mtoto hutakiwa kuyataja yote mawili. Mtindo huu una historia ndefu: mwanasaikolojia wa Kanada Doreen Kimura aliutumia mwaka 1961 kuonyesha jinsi pande mbili za ubongo zinavyogawana kazi ya lugha.

Neno lililoharibiwa halifiki likiwa kamili, na hapa ndipo lahaja inapoingia. Konsonanti kama s, f na th hubebwa zaidi na masafa ya juu, ambayo ndiyo kwanza hupotea katika uchujaji au kuzama katika kelele. Kinachobaki ni irabu na vipande vya konsonanti, na ubongo hulazimika kujaza mapengo kwa kutumia lugha ulioizoea. Ni kama kusikiliza mpira kwenye redio yenye mikwaruzo. Anayewajua wachezaji wa timu zote mbili atasikia kila jina, na asiyewajua atasikia sauti zisizoeleweka, ilhali redio ni moja na masikio yao wawili hayana tofauti. Mtoto anayepimwa kwa lafudhi aliyoizoea yuko katika nafasi ya yule anayewajua wachezaji. Mwenzake mwenye lafudhi nyingine anaanza kipimo akiwa nyuma, na fomu ya alama haina mahali pa kuandika jambo hilo.

Watu wengi hufikiri kwamba lahaja hukaa mdomoni tu, kwamba mtu hutamka tofauti lakini husikia kama wengine. Utafiti wa watoto wachanga unaonyesha vinginevyo. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wakifanya kazi Kanada, walichapisha matokeo yaliyokuja kuwa msingi wa taaluma hii. Waliwapima watoto wachanga wa familia zinazozungumza Kiingereza kwa kutumia sauti mbili za t za Kihindi, moja ikitamkwa ulimi ukigusa meno na nyingine ulimi ukiwa umekunjwa nyuma kidogo. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuzitofautisha tena. Ubongo wao haukuwa umeharibika. Ulikuwa umejifunza lugha ya nyumbani na kuacha kushughulikia tofauti ambazo lugha hiyo haizihitaji. Kwa hiyo mtoto anayeshindwa kutofautisha sauti mbili ambazo lahaja yake haizitofautishi ameonyesha kwamba uchakataji wake umefanya kazi iliyotakiwa.

Mfano wa wazi zaidi wa athari hii katika vipimo vyenyewe unatoka Uingereza. Kipimo kiitwacho SCAN, kilichotungwa na Robert Keith wa Marekani, kilirekodiwa kwa lafudhi ya Kimarekani, na viwango vyake, yaani alama za kawaida za kulinganishia, vilitokana na watoto wa Marekani. Toleo lake la watoto, SCAN-C, lilivuka bahari na kuanza kutumika kwa watoto wa Uingereza. Mwaka 2007 Piers Dawes na Dorothy Bishop walichapisha utafiti uliowapima watoto wa kawaida wa Uingereza kwa kipimo hicho. Alama zao zilikuwa chini ya viwango vya Marekani, hasa katika maneno yaliyochujwa na maneno yaliyowekwa ndani ya kelele, na watafiti waliona kwamba lafudhi ilikuwa na mkono katika tofauti hiyo. Maana yake ni nzito: ukifuata jedwali la Marekani bila kufikiri, unaweza kuwahesabu watoto wazima wengi kuwa wana tatizo, ilhali wao na wenzao wa Marekani wanazungumza lugha moja, wanasoma vitabu vya lugha moja na wanatazama filamu za lugha moja. Ikiwa umbali kati ya London na Chicago unatosha kushusha alama, basi umbali kati ya Mombasa na Lubumbashi hauwezi kupuuzwa.

Wataalamu wa Australia walilichukulia jambo hili kwa uzito. Sharon Cameron na Harvey Dillon walitunga kipimo cha kusikiliza sentensi ndani ya kelele zinazotoka pande tofauti, kinachojulikana kwa kifupi kama LiSN-S. Kilipotakiwa Marekani na Kanada, hawakutuma rekodi za Australia pamoja na maelezo ya kuomba radhi. Kilirekodiwa upya kwa wasemaji wa Amerika Kaskazini na kutafutiwa viwango vya watoto wa huko, na toleo hilo likachapishwa mwaka 2009. Ni kazi ya gharama, lakini ndiyo njia ya uaminifu.

Ndani ya Marekani kwenyewe, madhara yalionekana mapema zaidi. Kipimo cha Joseph Wepman cha mwaka 1958 kilimsomea mtoto jozi za maneno na kumtaka aseme kama yanafanana au yanatofautiana. Baadhi ya jozi zilitegemea tofauti kati ya th na f mwishoni mwa neno. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, th ya mwisho mara nyingi hutamkwa f, kwa hiyo mtoto aliyesema kwamba maneno hayo yanafanana alikuwa akieleza ukweli wa nyumbani kwao, na fomu ikamwandikia kosa. Suala la lahaja na majina wanayobandikwa watoto lilifika mahakamani huko Ann Arbor, Michigan, ambako familia za watoto Weusi zililalamika kwamba watoto wao walihesabiwa kuwa na upungufu wa kujifunza bila lugha yao ya nyumbani kuzingatiwa. Mwezi Julai 1979 Jaji Charles Joiner aliiagiza wilaya ya shule iwasaidie walimu kuitambua lugha hiyo na kuizingatia wanapofundisha kusoma. Kesi ile haikuhusu audiometa, lakini kiini chake ni hiki hiki tunachokizungumzia.

Turudi kwenye Kiswahili, ambako hali ina utata wake. Chukua l na r. Kikuyu hakina l, na Kisukuma kwa kawaida hakina r. Mtoto aliyelelewa katika mojawapo ya lugha hizo, au katika Kiswahili kilichonyonya matamshi yake, huenda akaona kalamu na karamu, au mahali na mahari, kama neno moja lenye maana mbili zinazotenganishwa na muktadha. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halimsumbui, kwa sababu hakuna anayeambiwa achukue karamu yake aandike. Katika kipimo, muktadha umeondolewa kwa makusudi. Anabaki na sauti tupu ambayo lugha yake haikumfundisha kuitenganisha.

Chukua tena dh, th na gh, sauti zilizoletwa na maneno ya Kiarabu. Wasemaji wengi wa bara husema zambi, samani na garama badala ya dhambi, thamani na gharama, na wanaelewana bila shida. Jozi ya dhana na zana inaweza kuonekana nzuri sana kwa mtungaji wa kipimo aliyekulia Unguja, lakini kwa mtoto wa Kigoma ni mtego.

Watu wa pwani wasifikiri kwamba mambo haya huwaumiza wa bara peke yao. Mahali ambapo Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kina ch, Kimvita mara nyingi kina t: mchele ni mtele, kichwa ni kitwa, kucheka ni kuteka. Njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, akisikia njoo ndani ya kelele nyingi, anaweza kurudisha ndoo, na mpimaji asiyejua Kimvita ataandika kwamba ametaja chombo cha maji. Kiamu kina mayi kwa maji na moya kwa moja. Zaidi ya hayo, lahaja za kaskazini hutofautisha sauti ambazo Kiswahili cha shuleni hakiziandiki kabisa: paa la nyumba na paa wa mwituni hutenganishwa na pumzi inayotoka pamoja na p, na zipo t mbili, ya menoni na ya ufizini, zinazofanana na zile alizozitafiti Werker. Ungetungwa mtihani juu ya tofauti hizo, mtoto wa Lamu angepata alama za juu, na mtoto wa Dodoma mwenye masikio yasiyo na dosari yoyote angepelekwa kwa daktari.

Huko Kongo, mtoto ni mutoto na mtu ni mutu. Jaribio linalomtaka mtoto ataje silabi ya kwanza ya neno litapata majibu tofauti kwa mtoto wa Bukavu, na majibu hayo yatakuwa sahihi kwa lugha yake.

Kuna upande mwingine ambao husahaulika, nao ni masikio ya mpimaji. Mpimaji naye ana lahaja. Mtoto akirudia neno, mpimaji hulisikia kupitia Kiswahili chake mwenyewe, na sauti iliyo katikati ya l na r ataiweka upande ule ambao yeye ameuzoea. Watu husema kwamba kipimo cha kompyuta hakina upendeleo, na ni kweli kwamba rekodi humpa kila mtoto neno lile lile kwa nguvu ile ile, jambo ambalo mpimaji anayesoma kwa mdomo wake hawezi kulihakikisha. Hata hivyo, rekodi hiyo ilitolewa na mtu mwenye lafudhi, orodha ya maneno ilichaguliwa na mtu mwenye lahaja, na jibu la mtoto linaamuliwa na mtu wa tatu. Kompyuta inarudia uamuzi wao kwa usahihi, basi.

Wengine hudhani kwamba dawa ni kutafsiri orodha ya Kiingereza. Haiwezekani kwa namna hiyo. Vipimo vingi vya Kiingereza hutumia maneno ya silabi moja, ambayo Kiswahili kinayo machache mno. Neno refu humpa msikilizaji nafasi zaidi ya kulikisia, kwa hiyo orodha iliyotafsiriwa hupima jambo jingine hata kama kila neno limetafsiriwa vizuri. Orodha ya Kiswahili lazima itungwe kutoka ndani ya Kiswahili: maneno yanayojulikana na watoto wa kotekote, yasiyotegemea l na r au dh na z ili kueleweka, na yenye urefu unaolingana.

Katika hili Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina, nayo ni namba zake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi: zote zina silabi mbili, hata nne, ambayo n yake ya mwanzo ni silabi kamili. Katika Kiingereza namba saba ina silabi mbili ilhali nyingine kuanzia moja hadi kumi zina moja, na vipimo huiacha mara nyingi kwa sababu hiyo. Namba pia hujulikana na mtoto kabla ya kusoma, na ndiyo sababu kipimo cha namba ndani ya kelele, kilichoanzishwa Uholanzi na Cas Smits na wenzake mwaka 2004 kwa njia ya simu, kimeenea sana. Afrika Kusini ilikiweka kwenye programu ya simu ya hearZA mwaka 2016, na utafiti wa huko ulionyesha kwamba hata namba za Kiingereza huwasumbua zaidi watu wasiokimudu Kiingereza, kwa hiyo kiwango cha kufaulu kinapaswa kuzingatia hilo. Kwa Kiswahili napo pangekuwa na mambo ya kuangalia: sita na tisa zina irabu zile zile na konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi, moja ni moya kwa wengine, na watoto wengi wa mijini wamezoea kutaja namba kwa Kiingereza. Lakini ni matatizo machache yanayoweza kujaribiwa na kusahihishwa.

Njia nyingine ni kutumia kwanza majaribio yasiyo na maneno: kutambua pengo dogo la ukimya katikati ya mlio, au kupanga milio ya juu na ya chini. Haya hupunguza sana uzito wa lahaja. Hayawezi kuwa peke yake, kwa kuwa maisha ya darasani yamejaa maneno, lakini mtoto anayefanya vizuri katika milio na vibaya katika maneno tu anatupa sababu ya kutazama lugha kabla ya kutazama ubongo.

Uangalifu huu haupaswi kugeuka kisingizio. Kosa la kumbandika mtoto mzima jina la ugonjwa ni baya, na kosa la pili si dogo kuliko hilo: mtoto mwenye shida ya kweli anaambiwa kwamba ni lahaja tu na kurudishwa darasani kukaa nyuma. Lahaja huacha alama zinazotabirika. Mtoto anayechanganya l na r huzichanganya hizo, kwa namna ile ile wanayozichanganya ndugu zake, na hufuata vizuri mazungumzo ya nyumbani. Mtoto anayekosa maneno ya kila aina, anayepotea hata bibi yake anapomzungumzia kwa lahaja ya kwao palipo na kelele kidogo, anayeomba kurudiwa kila mara, huyo anahitaji msaada hata kama lafudhi yake ni nzito kiasi gani. Inafaa pia kukumbuka kwamba umakini una nafasi kubwa. David Moore na wenzake walipowapima watoto zaidi ya 1,400 nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba ugumu wa kusikiliza ulihusiana zaidi na umakini kuliko na uwezo wenyewe wa kupokea sauti.

Haja ya kulishughulikia jambo hili inakua. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upandikizaji wa vifaa vya kusaidia kusikia katika sikio la ndani mwaka 2017, na maendeleo ya mtoto baada ya upasuaji huo hufuatiliwa kwa maneno pia, mbali na milio. Na watoto wa Kikongo na Kirundi wanaohamia Marekani na familia zao hupimwa mashuleni huko, ambako sheria ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu inataka tathmini ifanyike kwa lugha ya mtoto pale inapowezekana. Mkalimani wa Kiswahili anayeletwa siku hiyo huenda ni mtu wa Mombasa, na mtoto ni wa Uvira. Mzazi ana haki ya kulisema hilo kabla kipimo hakijaanza.

Kwa mzazi anayesubiri majibu, maswali ya kuuliza ni ya kawaida na mpimaji makini hatachukizwa nayo. Rekodi ilikuwa ya lugha na lafudhi gani? Alama za mtoto zimelinganishwa na watoto wa wapi? Alipokosea, alisema nini hasa, na je, makosa hayo yanafanana na jinsi tunavyozungumza nyumbani? Alifanyaje katika majaribio ya milio na ya namba? Amefikisha miaka 7, umri ambao chini yake majibu ya vipimo hivi huyumba mno? Inasaidia pia kwenda na karatasi yenye maneno kumi au ishirini kama yanavyotamkwa na watu wa nyumbani, na kuomba yawekwe kwenye faili la mtoto pamoja na alama zake, ili mtaalamu atakayelifungua faili hilo mwaka ujao ajue kwamba mtoto aliyesema ndoo alikuwa amesikia njoo.